Umeme wa Mama Mkwe

Jumapili, 24 Agosti

Nimefungua mdomo. Nikome! Kila nikifungua mdomo mbele ya ukoo wa mke wangu, natoka na mzigo kichwani.

Ilikuwa hivi. Baada ya chakula cha mchana tulikaa uani kwa mama mkwe, hapa hapa Buyenzi. Akasema anataka kwenda na msafara wa Maulidi, Rumonge. Dada yake mkubwa, yule aliyemlea, amezikwa huko, na yeye hajasimama kwenye kaburi lile kusoma Fatiha miaka kumi na mmoja sasa. Alisema kwa sauti ndogo, lakini kila mtu aliweka kikombe chini. Ana miaka sabini na minne na ana sukari. Muuguzi amemruhusu kwa sharti moja tu: dawa yake ya sindano isipigwe na joto. Na huko tutalala ufukweni, kwenye mahema, siku tatu, maana nyumba za jamaa zimeshajaa.

Radjabu hakupoteza muda. Akasema atatoa minibasi yake. Atang'oa viti vya nyuma, ataweka kitanda, mapazia, na ndoo ya kutawadhia. Nyumba kamili, yenye magurudumu! Mama mkwe akamwambia: Mungu akubariki, mwanangu.

Mwanangu!

Radjabu ni mwanyumba wangu. Kaoa Houda, mdogo wake Asiya wangu, juzi tu, miaka tisa. Fundi wa magari, mtu wa maneno machache. Mimi nina miaka ishirini na mitatu katika ukoo huu na mama mkwe hajawahi kuniita mwanangu hata kwa kuteleza ulimi. Mimi ni "mume wa Asiya". Nadhani bado ni ule mlango. Mwaka wa harusi nilitaka kumfurahisha. Alitoka asubuhi kwenda sokoni ameacha mlango wa kahawia, akarudi akakuta wa kijani. Na nyota katikati. Ningefanya nini? Mimi ni mchora mabango; nikimpenda mtu nampakia rangi.

Basi Radjabu alipomaliza, macho yote yakanigeukia. Sina gari. Sina hata baiskeli. Nikasikia sauti yangu ikisema: umeme ni juu yangu. Frigo, taa, kila kitu! Nitaleta jenereta!

Mama mkwe akaangalia mkeka. Asiya akaangalia juu, kama anahesabu mabati.

Jumatatu, 25 Agosti

Siku ya utafiti. Hakuna aliyewahi kuchagua jenereta kwa umakini kama mimi.

Swali la kwanza: dawa ni kiasi gani? Kwa dawa utajua frigo, kwa frigo utajua mashine. Rahisi. Ila dawa ni ya mama mkwe, na mkwe ni mkwe. Mimi nakaa mkeka wangu, yeye wake. Namsalimia macho chini. Chumba chake sijakiona. Nimuulize mambo ya sindano zake, zinaingia wapi, mara ngapi? Astaghfirullah! Afadhali nimeze brashi.

Nikamwomba Asiya amuulize. Asiya akakataa. Akasema miaka ishirini na mitatu yeye amekuwa waya wa simu kati yangu na mama yake: mwambie hivi, mwambie vile. Amechoka. Mama ana mdomo, na mimi ninao, tena mkubwa. Kuuliza si ujinga, akasema, akaendelea kuchambua mchele.

Hajui heshima ni nini, huyu. Nikatumia akili. Nilikaa kibarazani kwa jirani hadi Houda alipopita akitoka duka la dawa, na mfuko. Mfuko ulikuwa mkubwa, umevimba. Nikaukadiria kwa jicho la kazi: ukubwa wa tikiti maji. Kama hiyo ni dawa ya wiki moja, basi chupa ni nyingi, na frigo lazima iwe ya mtu mzima.

Jioni Léoncie, jirani yetu anayeuza soda, alikubali kuniazima frigo yake ya akiba. Inanizidi kimo. Nitamchorea chupa mbili ukutani, zenye povu.

Jumanne, 26 Agosti

Nimepanda Rohero, mtaa wa juu, kwa Népomuscène. Anauza pampu na jenereta. Zamani alifundisha fizikia, na bado anamwangalia mteja kama mtu aliyekuja bila daftari.

Akaniuliza: itaendesha nini? Nikasema vitu. Vitu gani? Vya familia. Akangoja. Nami nikangoja.

Ndipo akanieleza, polepole, kwamba mtu haanzi na mashine. Anaanza na vitu vyake. Anaviandika, anajumlisha wati, anaongeza kidogo, ndipo anaangalia mashine. Akasema frigo inapoamka inadai umeme mara tatu ya kawaida yake, kisha inatulia. Taa za siku hizi hazili kitu. Simu hazili kitu. Kwa safari ya mahema, akasema, mambo ni manne: isiwe nzito, isipige kelele, isinywe sana, na umeme wake uwe laini usije ukaunguza vyombo. Halafu: frigo ya ukubwa gani, na ya kuweka nini?

Nimsimulie mwanamume wa Rohero habari za mwili wa mama mkwe wangu? Nikasema: kubwa. Ya kuweka mengi.

Akanionyesha moja ya bluu, ya kushika kwa mkono mmoja. Kilo ishirini. Akaiwasha, tukazungumza kando yake bila kupaza sauti. Akasema mwaka huu ambapo magari yanalala vituoni kwenye foleni ya esansi, hii inakunywa kidogo sana, na frigo ya nyumbani itaibeba bila kutoa jasho. Mimi niliiangalia. Kichwani nikamwona Radjabu akiiangalia. Nikaona Radjabu akiuliza kama ni sanduku la chakula la mtoto wa shule.

Na kule pembeni, chini ya turubai, ilikuwa YENYEWE. Ya njano. Magurudumu mawili, fremu ya chuma. Ubavuni namba 7500, herufi nyekundu, kivuli cheusi. Na kivuli kimekaa! Wachoraji wengi kivuli kinawashinda pale kwenye tano. Aliyechora mashine ile alikuwa na mkono.

Népomuscène akasema hiyo ni ya ujenzi, ya kuchomelea vyuma, imerudi kutoka kazini imesimama hapo miaka miwili, na kwenye mahema itafukuza hata mbu. Nikasema ndiyo hiyo hiyo. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nafikiri alitaka kuona kama bado mimi ndimi.

Tumekubaliana. Mimi nampakia duka lake mbele yote, maandishi na picha. Yeye ananipa ya njano.

Alhamisi, 28 Agosti

Siku ya pili juu ya ngazi. Mtu akiwa juu ya ngazi anafikiri, hata kama hakutaka.

Nimefikiri hivi. Mama yangu alifariki nikiwa na miaka tisa. Shangazi walinilea vizuri, sikulala njaa. Lakini tangu hapo neno lile, mwanangu, sijaambiwa na mtu mwenye haki ya kulisema. Wateja wazee wananiita mwanangu wanapotaka nipunguze bei, hiyo haihesabiki. Nilipooa niliambiwa: mama wa mkeo ni mama yako. Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Kumbe mama yako wa namna hii huruhusiwi hata kumwangalia usoni. Unamtunza kwa mbali. Unampelekea samaki kwa mkono wa mkeo, unarudishiwa sahani kwa mkono wa mkeo. Miaka inakwenda.

Silalamiki. Heshima ni heshima. Nasema tu kwamba mimi pia ningependa.

Népomuscène akatoka na chai, akasimama chini ya ngazi. Akaniambia tena habari za ile ya bluu. Nikamwambia asinitikise, nachora pampu.

Jumamosi, 30 Agosti

Imefika! Wanaume wanne na mkokoteni. Mtaa mzima ulisimama. Kilo tisini! Mtu mmoja akauliza kama tunafungua kinu cha unga, nikamwacha na ujinga wake.

Radjabu alikuja na futi ya kupimia. Akapima mlango wa minibasi, akapima mashine, akapima kitanda. Akasema: apana, mukubwa wangu, hapa kitanda au groupe, vyote viwili haviingii. Anasema "mukubwa wangu" kwa sababu nilioa dada mkubwa. Hakucheka. Angecheka ningejua la kumjibu.

Basi mashine na frigo vitapanda kamyoni, lori la komite ya msafara, pamoja na masufuria na mikeka ya msikiti. Sawa. Vitu vikubwa vina gari lao.

Mama mkwe alipita kwenda kusali kwa jirani. Akasimama mbele ya ya njano muda mrefu. Mimi nikajibanza nyuma ya mlango, macho chini. Nikamsikia akimuuliza Asiya: hii yote ni ya nini? Asiya akamjibu: ni ya dawa yako, mama. Halafu mama mkwe akasema: maskini, amejisumbua.

Amejisumbua! Nimeliandika kama lilivyo. Katika miaka ishirini na mitatu, ndilo neno tamu kuliko yote niliyowahi kupewa. Nimelala mchana nikitabasamu.

Jumatatu, 1 Septemba

Balaa la kinywaji. Minibasi ya Radjabu inakunywa mazutu, yaani dizeli. Kamyoni inakunywa mazutu. Mashine yangu, peke yake katika msafara mzima, inakunywa esansi, petroli. Népomuscène aliniambia. Nilikuwa naangalia kivuli cha ile tano.

Asubuhi nilisimama kwenye foleni ya kituo. Mbele yangu kulikuwa na bwana aliyekuja tangu Jumamosi, ameleta godoro. Nikaondoka, nikaenda Gatumba, kwa Murhula. Murhula anavuka mpaka kila siku na kila kitu: sabuni, vitenge, na kama una bahati, esansi. Kwenye ukuta wake mstari wa mafuriko bado upo, umenifika kifuani. Amekataa niupake rangi. Anasema anautumia kuwapima wapangaji.

Esansi alikuwa nayo. Bidoni, dumu la kuitilia, hakuwa nayo. Akasema kila mtu anakuja na ya kwake. Nikarudi nyumbani, nikachukua ya kwetu, ile ya mawese. Murhula akainusa, akanikanya. Akasema mafuta ya kupikia na mota havijuani. Nikamwambia nimeisuuza. Nilikuwa nimeisuuza kweli, mara moja, na maji ya baridi.

Asiya anatafuta bidoni yake ya mawese. Sijasema kitu.

Alhamisi, 4 Septemba

Rumonge. Naandika chini ya mchikichi, alasiri.

Safari ilikuwa nzuri. Minibasi mbele na mama mkwe kitandani, pazia wazi, anaangalia ziwa. Sisi wengine nyuma kwenye kamyoni na masufuria. Kila kona jenereta ilinisogelea, nami nikaikumbatia. Tulipofika watu walisimamisha mahema, mimi nikasimamisha mtambo. Niliwapanga watoto nyuma kwa usalama. Nikavuta kamba. Nikavuta tena. Mara ya sita ikanguruma, ardhi ikatikisika, ndege wote wakaondoka. Takbira! Frigo ikawaka taa!

Kisha ikaja harufu. Harufu ya sambusa. Wanawake wakageuka kutazama nani ameanza kukaanga. Moshi mweupe ukatoka, mzito, ukaingia kwenye hema la imamu. Mashine ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Nilivuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Bure. Jua lilikuwa kali, ufuko unachoma miguu, na nikaiona dawa. Niliiona kabisa, chupa zote zile, zikipata moto moja moja, na mama mkwe amekuja safari yote hii, hajafika hata kaburini, anarudishwa na gari la wagonjwa kwa sababu yangu. Niliogopa. Sijawahi kuogopa hivyo tangu nilipokuwa mtoto.

Nikakimbia hadi kwa Asiya. Nikamwambia chupa zihamishwe, zipelekwe mjini, zitafutiwe barafu, mimi nitazibeba kichwani! Nilipiga kelele mbele za watu. Asiya akanishika mkono. Akanipeleka hadi nyuma ya minibasi, akafunua kitambaa kibichi.

Chungu. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa maji. Nikaingiza vidole: ubaridi! Na ndani, chupa moja. Moja! Ukubwa wa kidole gumba changu.

Asiya akasema muuguzi ndiye aliyemfundisha mama, kwa siku umeme unapokatika. Chupa ikishaanza kutumika haitaki baridi kali, inataka tu isipate joto. Wametoka nayo hivyo tangu Buyenzi. Nikauliza: na ule mfuko wa Houda? Ulikuwa na pamba, na viatu vya mama vya safari.

Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Asiya akasema alitaka kuniambia siku ile mashine ilipofika, mama yake akamkataza. Mama alisema: mkwe hakosolewi mbele za watu. Amejisumbua kwa ajili yangu, mwacheni alete kitu chake.

Nimekaa chini ya mchikichi huu tangu hapo. Sijui nicheke au nilie. Kwa heshima yangu sikumuuliza, kwa heshima yake hakuniambia, na kati yetu kuna kilo tisini.

Ijumaa, 5 Septemba

Lakini watu waliiona mashine ikishuka kwenye kamyoni. Watu sitini! Haiwezekani ilale pale imekufa kama ng'ombe.

Radjabu ameifungua tangu alfajiri. Amemwaga esansi yote, ameosha tangi, amesafisha kabureta kwa mswaki wake mwenyewe. Akapata esansi safi kwa wenye mitumbwi ya mota. Saa sita ikawaka. Hakusema neno moja la kuniumiza. Akafuta mikono, akaniuliza tu: sasa itaendesha nini, mukubwa wangu?

Kila mtu ananiuliza swali hilo. Itaendesha frigo! Nikatangaza mahema yote yalete samaki. Wakaleta. Sangala, mukeke, na soda za vijana. Sasa frigo imejaa, na mimi nina kazi ya maana.

Kelele, naam, ipo. Waya ni mfupi, siwezi kuisogeza mbali. Waliokuwa wanafanya mazoezi ya kasida wamehamia ng'ambo ya kijito. Mimi nimejifunga kitambaa masikioni.

Jumamosi, 6 Septemba

Asubuhi Asiya alikuja akiwa amevaa nguo nyeupe. Ilibidi aje hadi sikioni. Akasema mama yuko tayari, anakwenda kaburini sasa hivi kabla ya jua, ni pale juu kilimani, mwendo mfupi. Anawataka watoto wake wote. Na anasema mume wa Asiya azime kitu hicho, naye aje.

Nilimweleza kwa utulivu. Ndani mna samaki wa mahema kumi na moja. Nikizima, haiwaki tena kirahisi, na mkono unaoijua ni wangu peke yake. Nikamwambia awatangulie, mimi nitakwenda alasiri, peke yangu, nitasoma Fatiha ndefu zaidi.

Asiya akasema Fatiha si soda ya kuwekwa kwenye frigo. Akaondoka.

Niliwaona wakipanda kilima. Radjabu alikuwa amemshika mama mkwe kiwiko. Nguo zao nyeupe zilionekana muda mrefu. Nilitaka kwenda. Wallahi nilitaka. Niliweka mkono kwenye swichi mara mbili. Lakini mwenye dhamana ni mwenye dhamana, na taa ya frigo ilikuwa inawaka vizuri sana.

Alasiri nilikuta esansi imebaki kidogo, nikaenda kuitafuta kwa wenye mitumbwi. Nikarudi jua limeshazama. Kaburini sikufika.

Jumapili, 7 Septemba

Tumerudi. Njiani Asiya alikaa nyuma ya kamyoni na mimi. Nikazungumza peke yangu kuanzia Rumonge hadi tulipoona soko. Nyumbani, baada ya kufungua mizigo, akanikalisha. Akaniambia yaliyotokea kaburini.

Walifika, wakasafisha majani. Mama mkwe akakaa chini, akaweka kiganja juu ya udongo, akakaa hivyo. Pale juu kulikuwa na utulivu, ila kitu kimoja tu kilisikika, kutoka chini ufukweni. Houda akaanza kuomba radhi. Mama mkwe akamnyamazisha kwa mkono. Akaongea na dada yake, kama watu wanavyoongea uani. Akasema:

"Dada, nimekuletea wanangu wawili. Mumoja ni huyu. Wa pili, unamusikia."

Nikamwambia Asiya arudie. Akarudia. Nikamuuliza kama ana hakika alisema wanangu, si wakwe zangu. Akasema ana hakika. Nikauliza alilisemaje, kwa hasira? Akasema hapana. Mama alikuwa anacheka kidogo, na machozi yalikuwa yanamtoka.

Nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama na rangi zangu. Nililia. Naandika kwa sababu daftari hili halisomwi na mtu. Neno limesemwa, baada ya miaka ishirini na mitatu, mbele ya marehemu na mbele ya Mungu, na mimi nilikuwa chini nimefunga kitambaa masikioni.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimeamka na akili safi. Usiku nimeligeuza jambo hili kila upande, na nimeelewa kila kitu.

Kwa nini mama mkwe aliniita mwanangu? Kwa sababu alinisikia. Kwa nini alinisikia? Kwa sababu sikununua ile ya bluu! Ningemfuata Népomuscène, kaburini pale pangekuwa kimya kabisa, na mimi ningebaki mume wa Asiya mpaka nizikwe. Nilichagua vizuri. Kosa lilikuwa dogo tu: sauti ya 7500 inafika kilimani ikiwa imechoka. Kuna ya dizeli, mara mbili yake, nimeiona kwenye karatasi za duka. Tena inakunywa mazutu kama magari mengine yote. Nani anasema sijifunzi?

Baada ya adhuhuri Asiya ameleta ujumbe. Mama yake amechemsha chai ya tangawizi. Ametandika mkeka mmoja badala ya miwili. Anasema sisi sote tumezeeka, na mambo ya kuinamisha macho tumeyafanya ya kutosha. Anataka niende nikae naye, mimi peke yangu bila Asiya katikati, kuna habari za dada yake anataka kunisimulia. Na anasema niende leo, maana mwaka ujao Rumonge hana hakika kama atafika.

Maneno hayo ya mwisho yamenichoma. Mwaka ujao hana hakika! Basi hakuna muda wa kupoteza. Mashine lazima ipatikane wiki hii hii, na safari tuifanye mapema. Nami siwezi kwenda kukaa kwenye mkeka wa mama yangu mikono mitupu.

Nimemwambia Asiya amwambie mama nina kazi moja ya haraka, nitakwenda Ijumaa, au Ijumaa ile nyingine. Asiya amesimama mlangoni, ameizuia ngazi yangu kwa mkono. Sijui ana nini. Nimechukua ngazi, napanda Rohero. Népomuscène ana ukuta wa nyuma, mrefu, haujawahi kuguswa na rangi.